Ukiacha ngwai, mbona ndoto zinarudi na fujo?

Kama uko Kwanza ama Bungoma, lazima ushaskia msee akijigamba: "Mimi nikivuta, siotangi." Hadanganyi sana. Ni usingizi wake umekatwa kipande.

Ndoto kali huja kwa hatua inaitwa REM, ile macho yanachezacheza chini ya kope. Watafiti wa Chicago waliiandika 1953. Inarudi kila baada ya kama dakika 90, na inakuwa ndefu ukikaribia asubuhi. So ukiamka saa kumi kupeleka maziwa Kitale, unaikosa hata bila kuvuta. THC, ile kemikali ya kukustim, huibana.

Sasa acha ghafla. Ubongo unadai deni na riba. Siku chache tu unaota unakimbizwa kwa shamba la mahindi, unaamka umeloa jasho, unaanza kushuku jirani. Hakuna mtu amekuroga. Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili Marekani umetaja ndoto za kusumbua kati ya dalili za kuacha bangi. Hapa ndio maboy wengi hurudia, eti "nilale tu leo." Shikilia, inaweza kuchukua wiki kadhaa lakini inapoa.

Na usibadilishe ngwai na keg. Pombe pia hubana REM, halafu inakuamsha usiku wa manane. Miraa ya jioni ndio usiguse kabisa. Simu iache mbali na kitanda, na ulale saa zile zile kila siku.

Ikikulemea, piga 1192, laini ya NACADA. Ni ya bure.