Jeneriki ya Kwanza ya Kamanyola

Wanafunzi wanaotaka kutengeneza jeneriki, yaani picha na majina yanayotangulia filamu, mara nyingi huanza kwa kutazama kazi za Wamarekani. Mfano upendwao ni Se7en ya 1995, ambayo jeneriki yake, kazi ya Kyle Cooper, imejaa madaftari, vidole, sindano na uzi. Ni kazi nzuri. Lakini kijana wa Kamanyola, mji wa mashariki mwa Congo, anayepanga filamu ya distopia, ile inayobuni nchi ya kesho ambamo mtu amevuliwa utu wake, hana sababu ya kwenda mbali hivyo. Nchi yake iliwahi kuwa na jeneriki ya aina hiyo, na haikutungwa kwa ajili ya hadithi yoyote. Wakati Congo ikiitwa Zaire, taarifa ya habari ya televisheni ya taifa ilianza kwa mbingu. Mawingu yalijaa kioo kizima, kisha katikati yake kikatokea kichwa cha rais Mobutu, na miwani yake na kofia ya ngozi ya chui, kikawa kinashuka kumwelekea mtazamaji. Hakuna aliyehitaji kutamka kwamba rais ni mungu. Picha ilikwisha kulisema hilo kabla msomaji wa habari hajafungua kinywa. Nadai kwamba Kamanyola ni shule bora ya sanaa hii kuliko studio yoyote ya ng'ambo, kwa sababu jina lake lenyewe lilikuzwa kwa ufundi uleule: kuchagua picha moja, kukata nyingine zote, na kuirudia hadi watu wasahau kwamba kuna kilichokatwa.

Tuangalie kilichobaki na kilichokatwa. Mwaka 1964 bonde la mto Ruzizi, Kamanyola iliko, lilikuwa limewaka. Wafuliiru wengi, wakulima wa bonde hilo, walikuwa wameinuka chini ya Musa Marandura, na mwezi Mei Uvira ikaangukia mikononi mwa waasi wa CNL, yaani Baraza la Taifa la Ukombozi, waliokuwa na Gaston Soumialot. Jeshi la serikali lilikuwa likikimbia. Mobutu, wakati huo jenerali na mkuu wa jeshi, alifika Kamanyola, na kutokana na siku hizo ikazaliwa hadithi rasmi: jenerali mbele ya askari wake darajani, risasi zinapita, yeye hatikisiki. Alipokwisha kutwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, hadithi hiyo ikawa mali ya dola. Divisheni ya jeshi iliyofundishwa na Wakorea Kaskazini ikaitwa Kamanyola. Meli ya rais kwenye mto Congo ikaitwa Kamanyola. Uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa Kinshasa mwaka 1994 nao ukaitwa Kamanyola, hadi 1997 ulipobadilishwa kuwa Stade des Martyrs. Katika safari yote hiyo mji wenyewe, ulioko pale barabara ya Ngomo inapoteremka kutoka Bukavu na kuingia bondeni, ng'ambo tu ya Bugarama ya Rwanda, haukuonekana. Wala wakulima walioinuka hawakuonekana, wala sababu zao. Daraja lilibaki, watu wakatolewa.

Hapa msomaji makini atapinga, na pingamizi lake lina uzito: miaka ya 1970 ni nyumba ngapi za bonde la Ruzizi zilikuwa na televisheni? Chache mno. Mtu wa Luvungi, bondeni humo, hakuyaona mawingu hayo. Ni kweli, ila pingamizi hili linaonyesha jinsi jeneriki inavyofanya kazi, maana haikuhitaji kioo peke yake. Redio ilikuwepo. Noti zilikuwa na sura ileile na kofia ileile. Shuleni na kazini palikuwa na nyimbo na ngoma za kukisifu chama, MPR, kilichoanzishwa 1967. Mtu aliyekuwa hana televisheni alikutana na picha hiyohiyo sokoni, akiipokea kama chenji. Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba jeneriki ni pambo la dakika mbili la kuandikia majina. Ni mahali ambapo filamu, au dola, humwambia mtazamaji nani mkubwa na nani hahesabiki.

Mobutu hakuuvumbua ufundi huu. Wabelgiji, walioitawala Congo kama koloni, walijua mapema kwamba anayeshika kamera anashika mwanzo wa hadithi. Amri ya 1936 ilitaka kibali kwa yeyote anayepiga filamu Congo, na nyingine ya 1945 iliwazuia Waafrika kutazama filamu ambazo hazikupitishwa kwa ajili yao. Bukavu kulikuwa na Africa Films, kituo cha Mapadri Weupe chini ya padri De Vloo, kilichotengeneza filamu za kuwafundisha Wacongomani namna ya kuishi. Wacongomani waliigiza, lakini kuamua filamu ianzie wapi haikuwa kazi yao.

Wengine husema distopia ni fasheni ya wazungu, tena ni ukatili kuwaonyesha giza watu walioona vita vya kutosha. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo imejibiwa na majirani. Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya 2009, inaonyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, na inaanza na vipande vya magazeti na vielelezo vya makumbusho, vitu ambavyo mwanafunzi anaweza kuvipanga mezani. Neptune Frost ya 2021, iliyopigwa Rwanda, inaanzia kwa wachimbaji wa koltani, na Kiswahili kimo ndani yake. Nusu ya pili ni nzito zaidi. Jibu langu ni kwamba nyimbo na ngoma za furaha za Zaire ndizo zilizokuwa ukatili, kwa kuwa zilimtaka mtu acheze huku akijua kwamba kilichokatwa ni yeye. Kuupanga ubaya kwa mkono wako mwenyewe ni jambo jingine kabisa.

Gharama nayo si kisingizio. Chris Marker alitengeneza La Jetée mwaka 1962, filamu ya dakika 28 kuhusu dunia iliyokwisha teketea, karibu yote kwa picha mnato. Simu moja, meza na taa vinatosha. Kinachohitaji muda ni mpango: kuchora kila picha kwenye karatasi kabla ya kuipiga, kuandika chini yake itakaa sekunde ngapi na ni jina gani litapita juu yake, kisha kuuliza kwa kila picha ni nini kimeachwa nje. Noti ya zamani yenye kofia ya chui, maji ya Ruzizi, daraja bila jenerali. Mkono wa mkulima mahali ambapo serikali iliweka uso.

Lakini daraja bila jenerali haliwezi kupigwa kwa kubahatisha. Waliokuwa vijana bondeni mwaka 1964 sasa wana miaka themanini na kuendelea, na kila mwaka wanapungua. Shule za Kamanyola, Luvungi na Uvira ziwatume wanafunzi wao kwa wazee hao kwanza, na vinasa sauti, mwaka huu, kabla hazijanunua kamera.