Tiba mpya za saratani ya damu: maisha ya mgonjwa hupimwa vipi?

Karatasi ya maabara humwambia daktari kama saratani imepungua. Haimwambii kama mgonjwa anaweza kupanda ngazi, kulala usiku kucha, au kukumbuka jina la mjukuu wake. Haya ndiyo wataalamu wanayaita ubora wa maisha, na njia ya kuyajua ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe kwa maswali yaliyopangwa, kisha kuandika alivyojibu.

Tiba zenyewe

Saratani kuu za damu ni lukemia, limfoma na maieloma, ile inayoanzia kwenye uboho na kudhoofisha mifupa. Tiba mpya tunazozizungumzia huutumia mwili wa mgonjwa ujipiganie.

Ya kwanza ni CAR-T. Seli za kinga hutolewa kwenye damu ya mgonjwa, hubadilishwa maabara ili ziitambue saratani, kisha hurudishwa mwilini kwa dripu, kwa kawaida mara moja tu. Marekani iliidhinisha ya kwanza Agosti 2017 kwa watoto na vijana wenye aina moja ya lukemia. India, ambako Wakenya wengi husafiri kwenda kutibiwa, iliidhinisha ya kwake, NexCAR19, Oktoba 2023.

Ya pili ni dawa zenye mikono miwili: mkono mmoja hushika seli ya kinga, wa pili hushika seli ya saratani, zikutanishwe. Teclistamab na talquetamab, za maieloma, ni za namna hiyo. Mgonjwa hudungwa tena na tena, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, kwa miezi mingi.

Madhara yake si yale ya kemotherapi tuliyoyazoea. Siku za mwanzo kinga inaweza kuwaka kupita kiasi, ikaleta homa kali na kushusha presha. Wengine huchanganyikiwa au hukosa maneno. Ndiyo maana wauguzi humwambia mgonjwa ataje mwaka na mji alipo, aandike sentensi moja, na ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa makumi. Baadaye hubaki uchovu na maambukizi ya mara kwa mara.

Hojaji na alama zake

Hojaji inayotumika sana ni QLQ-C30 ya shirika la utafiti wa saratani la Ulaya, EORTC. Ilichapishwa 1993 na ina maswali 30. Huuliza kama mgonjwa anatembea, anavaa nguo bila msaada, ana maumivu, analala, anakumbuka mambo, na kama ugonjwa umemletea shida ya pesa. Maswali 28 hujibiwa kwa namba 1 hadi 4, kutoka hapana kabisa hadi sana. Mawili ya mwisho, kuhusu afya na maisha kwa jumla, hujibiwa 1 hadi 7. Majibu hugeuzwa kuwa alama 0 hadi 100. Tofauti ya takriban alama 10 huchukuliwa kuwa ni mabadiliko ambayo mgonjwa anayahisi. Hapa jirani, hojaji hii imeshatumika kwa wagonjwa wa Ocean Road, Dar es Salaam.

Nyingine ni EQ-5D, yenye mambo matano tu na kipimo cha 0 hadi 100 ambacho mgonjwa huweka alama ya afya yake ya siku hiyo.

Faida yake ilionekana katika utafiti uitwao ZUMA-7. Wagonjwa 359 ambao limfoma yao ilikuwa sugu, au ilirudi mapema baada ya tiba ya kwanza, waligawanywa makundi mawili: CAR-T, au njia ya kawaida ya kemotherapi na kupandikiza uboho. Matokeo ya hojaji, yaliyotolewa 2022, yalionyesha kuwa siku ya 100 waliopata CAR-T walikuwa na afya ya jumla na nguvu za mwili zaidi. Lakini walioingia kwenye hesabu hiyo ni 296. Waliobaki hawakuwa na majibu ya kutosha, na kwa kawaida anayezidiwa ndiye anayeacha kujaza. Kwa hivyo wastani mzuri unaweza kuwa ni sauti ya walio na nafuu.

Yasiyoulizwa

Hojaji hizi nyingi zilitungwa kabla ya tiba hizi kuwepo. Talquetamab huharibu ladha ya chakula kwa wagonjwa wengi, pamoja na ngozi na kucha, na wengine hupungua uzito. QLQ-C30 huuliza hamu ya kula, na nyongeza yake ya maieloma, yenye maswali 20, huuliza kinywa kukauka. Ladha haiulizwi popote. Mgonjwa anayeletewa mchuzi wa nazi akauona kama maji hana pa kulisema hilo, asipolisema mwenyewe.

Na hapa ndipo adabu yetu inapotuponza. Mtu wa Pwani akiulizwa hali hujibu "Alhamdulillah" hata kama usiku hakufumba jicho. Daktari naye huandika kuwa yuko salama. Nabii Ayyub (A.S.) alimweleza Mola wake dhara iliyompata, na bado ni mfano wetu wa subira. Kushukuru hakumzuii mtu kusema panapouma.

Pia tuna tabia ya mtoto mkubwa kumjibia mzazi. Akiwa na fahamu zake, ajibu mwenyewe. Jamaa amsomee swali tu, na aongeze aliyoyaona wakati mgonjwa alipochanganyikiwa, maana hayo yeye hatayakumbuka.

Nyumbani, daftari la shilingi chache latosha. Kila wiki, siku ileile, andika usingizi, maumivu, chakula, kumbukumbu na huzuni, kila kimoja namba 1 hadi 4. Maswali yapewe sura ya maisha yenu: je, anafika msikitini kwa miguu? Anaweza kusujudu bila maumivu? Daftari liende naye kliniki. Kuna dawa zinazoweza kucheleweshwa au kupunguzwa, na madhara yanayotibika, lakini daktari hawezi kurekebisha asichoambiwa. Homa au kuchanganyikiwa visingoje siku ya daftari: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.