Sindano ya kuyeyusha diski ya mgongo: mambo yalianzia kwenye papai

Wadau, kuna swali limenifikia zaidi ya mara moja: hivi ni kweli ipo sindano inayoyeyusha diski ya mgongo, mtu akaepuka kisu? Ipo. Ila siyo ile ambayo wengi wetu huchomwa hospitalini, na siyo ya kila kiuno kinachouma.

Kati ya pingili na pingili za mgongo kuna diski. Nje ngumu, ndani laini kama uji mzito, na ulaini huo ni maji. Ukuta wa nje ukichanika, ule uji husukumwa na kuubana mshipa wa fahamu. Ndipo maumivu yanashuka toka kiunoni, takoni, pajani mpaka unyayo, na mguu unakufa ganzi. Sindano hii inaingiza kimeng'enya katikati ya diski, kinakata vile vitu vinavyoshika maji, uji unanywea, mshipa unapata nafasi.

Kimeng'enya cha kwanza kilitoka wapi? Kwenye papai! Utomvu mweupe wa papai bichi, huo huo unaolainisha nyama ya mishkaki. Enzi za mkoloni ulikuwa ukigemwa na kukaushwa Tanganyika, Uganda na Kongo, ukasafirishwa ng'ambo. Mwaka 1956 daktari Mmarekani Lewis Thomas aliwadunga sungura papaini, kimeng'enya cha utomvu huo. Masikio yakalala kama kitambaa kilicholowa, baada ya siku chache yakasimama tena. Mwaka 1963 Lyman Smith, daktari wa mifupa wa Illinois, akamdunga mgonjwa wa kwanza wa diski kaimopapaini, kimeng'enya kingine cha papai hilo hilo.

Marekani iliipitisha mwaka 1982, madaktari wakaikimbilia. Iliwasaidia wengi tu. Tatizo, yenyewe inakula protini, na ikivuja nje ya diski haichagui. Baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali wa ghafla, wachache wakavuja damu kwenye ubongo au wakapooza miguu, na wapo waliokufa. Ilipofika 2003 ilikuwa imeacha kuuzwa huko. (Na jamani, kupaka utomvu wa papai kiunoni hakufiki kwenye diski. Utababua ngozi bure.)

Wajapani ndio walioifufua njia hii. Machi 2018 walipitisha kondoliase, inayotokana na bakteria aitwaye Proteus vulgaris. Hii haili protini. Inakata minyororo ya sukari inayoshika maji ndani ya diski, kwa hiyo hatari kwa mishipa ya jirani ni ndogo kuliko ile ya papai. Lakini huchomwa mara moja tu maishani, kwa sababu mwili ukishaitambua, kuirudia kunaweza kuleta mzio mkali. Kiuno kinaweza kuuma zaidi siku za mwanzo, diski nayo ikapungua kimo. Nafuu huja kwa wiki, si kwa saa.

Anayefaa ni yule ambaye picha ya MRI inaonyesha diski iliyotokeza pale pale panapolingana na maumivu ya mguu, na vidonge na mazoezi vimeshindwa. Mgongo unaouma kwa uchovu au uzee haumo.

Sasa ile tunayochomwa sisi mara nyingi ni steroidi. Inapunguza uvimbe kuzunguka mshipa, diski haiigusi. Kwa hiyo ukiambiwa "tunakuchoma ya kuyeyusha", uliza jina la dawa kabla hujatoa hela, na uliza kama umeshawahi kupewa. Kumbuka pia wengi hupona wenyewe ndani ya wiki kadhaa, maana mwili una kawaida ya kukifyonza kile kilichotokeza.

Isipokuwa mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, sehemu za siri zikafa ganzi, au miguu ikalegea. Hapo usisubiri sindano yoyote ile. Ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.