Nafasi ya Polima katika Uthabiti wa Emalsheni za Uchorongaji wa Mafuta: Mapitio ya Kihistoria

Historia ya tope la uchorongaji aghalabu huanzia Spindletop, Texas, ambako kisima kilichofoka mafuta Januari 1901 kilichimbwa kwa msaada wa maji yaliyovurugwa kwa udongo. Tope hilo lilizuia mchanga usiporomoke, likapandisha vipande vya mwamba na, kwa uzito wake, likakabili shinikizo la ardhini.

Visima vilipozidi kina, kasoro za maji zilidhihirika: huyeyusha tabaka za chumvi na kuufanya mwambatope uvimbe. Ndipo mafuta yakaingizwa katika tope. Kwa kuwa mafuta na maji hayachangamani, ilibidi kimoja kisambazwe ndani ya kingine kwa matone madogo, yaani emalsheni. Katika miaka ya 1940 na 1950, matone ya mafuta ndani ya maji yalidhibitiwa kwa polima kama wanga, selulosi iliyorekebishwa na lignosalfoneti itokanayo na viwanda vya karatasi. Emalsheni pindu, ambamo maji ya chumvi husambazwa ndani ya mafuta, zilitegemea zaidi sabuni za asidi-mafuta na chokaa.

Tofauti hiyo ina athari kubwa. Molekuli ya sabuni hushika uso wa tone kwa ncha moja, na joto kali huweza kuibandua. Mnyororo wa polima hushika mahali pengi kwa pamoja. Sehemu zake zilizo huru huchomoza nje na kuyatenga matone. Matone yakiungana, chembe za baraiti hulowa maji, hugandamana na kutuama. Tope hupungua uzito, na kisima huweza kulipuka. Uthabiti wa emalsheni, basi, ni suala la uhai wa wafanyakazi kabla ya kuwa suala la gharama.

Msukumo mwingine ulitokana na mazingira. Tope la dizeli lilichafua sakafu ya Bahari ya Kaskazini, na Uamuzi wa OSPAR 2000/3 ukapiga marufuku kutupa humo vipande vya mwamba vyenye zaidi ya asilimia 1 ya tope la mafuta kwa uzito. Tope za maji zenye polima zikapata hoja mpya.

Hata hivyo, polima si mbadala kamili wa sabuni. Ikiwa chache mno, mnyororo mmoja huunganisha matone mawili badala ya kuyatenga. Minyororo mirefu nayo hukatika ipitapo kwa kasi katika matundu ya keekee. Kwa hiyo, uthabiti wa tope jipya maabarani si ushahidi wa kutosha. Linalopaswa kupimwa ni tope lililokwisha kupita katika joto na msukosuko wa kisima.