Mississauga: kutoka tarafa ya mashamba hadi jiji

Mississauga ni jiji la Ontario, Kanada, lililo ufukweni mwa Ziwa Ontario, magharibi mwa Toronto. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi 717,961, idadi iliyoliweka katika nafasi ya saba miongoni mwa majiji ya Kanada. Halikutanuka kutoka kitovu kimoja kama miji mingi ya kale; lilizaliwa kwa kuunganisha vijiji vilivyotenganishwa na mashamba, na ndiyo maana kitovu chake kilijengwa baadaye.

Wenyeji na mikataba

Jina la jiji linatokana na Wamississauga, tawi la Waanishinaabe, walioishi kwa uvuvi, uwindaji na biashara kando ya Mto Credit. Mwaka 1805 serikali ya Uingereza ilitwaa ukanda wa ufukweni kwa mkataba, kisha mikataba ya 1818 na 1820 ikachukua karibu ardhi yote iliyobaki. Mwaka 1826 Wamississauga walianzisha kijiji cha Credit Mission, ambako mhubiri wao Peter Jones alikuwa miongoni mwa viongozi. Mwaka 1847 walihamia New Credit, karibu na Hagersville. Historia inayoanzia kwa walowezi huwaacha kando watu hawa, ilhali jiji zima limesimama juu ya ardhi yao.

Tarafa ya Toronto

Upimaji wa mwaka 1806 uliigawa ardhi kuwa viwanja vya walowezi kwa kufuata barabara ya Dundas, ndipo ikaundwa tarafa ya vijijini iliyoitwa Toronto Township. Streetsville na Meadowvale zilikua kwa vinu vilivyoendeshwa na maji ya Mto Credit, Port Credit ikawa bandari, nayo Clarkson ikajulikana kwa matunda, hasa stroberi.

Barabara, ndege na nyumba

Mabadiliko yalishika kasi katika miaka ya 1930, ulipofunguliwa uwanja wa ndege wa Malton na ilipojengwa barabara kuu ya Queen Elizabeth Way. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, familia zilizotafuta nyumba zilimiminika, na bustani za matofaa zikageuka mitaa ya makazi. Huko Malton, kiwanda cha Avro kiliajiri maelfu ya watu hadi serikali ilipofuta mradi wa ndege ya kivita ya Arrow mwaka 1959. Treni za abiria za GO, zilizoanza mwaka 1967, zilirahisisha kuishi hapa na kufanya kazi Toronto.

Kuwa jiji

Tarafa ilifanywa mji wa Mississauga mwaka 1968. Mwaka 1974 uliunganishwa na Port Credit na Streetsville kuwa jiji. Streetsville ilipinga muungano huo, ikiongozwa na meya wake, Hazel McCallion. Miaka minne baadaye alichaguliwa kuwa meya wa jiji hilohilo, akaliongoza hadi 2014. Novemba 1979 treni ya mizigo iliyobeba kemikali iliacha reli na kulipuka, na klorini ikavuja. Watu zaidi ya 200,000 walihamishwa, wala hakuna aliyekufa.

Katikati ya jiji ilizuka kuzunguka Square One, kituo cha maduka kilichofunguliwa mwaka 1973 palipokuwa mashamba.

Baada ya mashamba kwisha

Kwa miongo mingi ada walizotozwa wajenzi zililipia miundombinu mipya, na jiji likajivunia kutokuwa na deni. Utaratibu huo ulitegemea ardhi tupu. Ilipokaribia kwisha, ujenzi ulielekea juu: minara pacha ya Absolute, yenye umbo la kujipinda, ilikamilika mwaka 2012. Kati ya sensa za 2016 na 2021 idadi ya wakazi ilipungua kidogo, kutoka 721,599. Mississauga inaonyesha kwamba mji wa pembezoni unaokua kwa kumeza mashamba hufika siku ambayo lazima ujifunze kujijenga upya ndani ya mipaka yake.