Kafi na Haidrofoni: Mapokeo Mawili ya Kumsikiliza Nyangumi

Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Ndiyo maana nyangumi huyategemea masikio kuliko macho. Wapo binadamu waliojifunza kumsikiliza, kila jamii kwa njia yake.

Kaskazini mwa Alaska, Wainupiati huwinda nyangumi wa Aktiki barafu inapoanza kupasuka wakati wa machipuko. Kwa jadi, mwindaji hutumbukiza kafi majini na kuegemeza sikio kwenye mpini. Mti humletea milio ya chini. Usikivu huo una adabu yake: kambini watu hunyamaza, maana nyangumi naye anasikia.

Bermuda, usikivu ulianzia jeshini. Katika miaka ya 1950, Frank Watlington, mhandisi aliyelitumikia Jeshi la Majini la Marekani, alinasa sauti za nyangumi wa nundu kwa haidrofoni, yaani vinasa sauti vya majini. Roger Payne na Scott McVay walizichambua, na mwaka 1971 wakaonyesha katika jarida la Science kwamba ni nyimbo zenye mafungu yanayorudiwa kwa mpangilio. Santuri iliyotoka mwaka 1970 ilikuwa imekwisha kuzieneza, ikaipa nguvu harakati ya kupinga uwindaji wa kibiashara.

Alaska, sauti humwambia msikilizaji nyangumi yuko wapi. Bermuda, iliwaambia walimwengu nyangumi ni kiumbe wa namna gani. Mwinupiati husikiliza akanyamaza. Mtaalamu hunasa akatangaza. Mmoja humheshimu nyangumi anayemla, mwingine humheshimu kwa kutomgusa.

Mwaka 1977 heshima hizo mbili ziligongana. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwafutia Wainupiati ruhusa ya kuwinda, ikihofia kwamba nyangumi wa Aktiki wamebaki wachache mno. Wawindaji walipinga: hesabu ilitegemea macho, ilhali nyangumi wengi hupita chini ya barafu, wakiipasua kwa vichwa ili wapumue. Katika miaka ya 1980 haidrofoni ziliteremshwa karibu na mji wa Utqiaġvik, Alaska, zikanasa milio ya nyangumi ambao wahesabuji hawakuwaona. Makadirio yakapanda hadi zaidi ya 7,000.

Neno la wawindaji peke yake halikuishawishi Tume. Haidrofoni nazo zilihitaji mtu wa kuzielekeza pa kusikiliza. Somo hilo linahusu hata pwani yetu: nyangumi wa nundu hupita pia Watamu, Kenya, na Zanzibar kati ya Julai na Oktoba. Mtafiti anayetaka kuwasikiliza huko aanze kwa kuwauliza wavuvi.