Hisani Yenye Meno: AGOA na Vita vya Mitumba

Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha, wakaafikiana kuondoa mitumba sokoni ndani ya miaka 3. Azma hiyo haikuzuka hewani: anayeikumbuka Mwatex ya Mwanza au Mutex ya Musoma anajua pamba yetu iliwahi kufumwa nyumbani. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani kilipeleka malalamiko Washington, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani zimo hatarini. Azimio likaanza kuyeyuka.

Mbona kwa wepesi hivyo? Wengi hujibu kwa kupima ukubwa wa chumi. Mimi nalitafuta jibu katika umbo la AGOA yenyewe, ambayo hatuachi kuiita mkataba. Si mkataba. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 2000, na hakuna Mwafrika aliyeitia saini. Ilifungua soko la Marekani bila ushuru kwa bidhaa za Afrika, kisha ikampa Rais wa nchi hiyo kazi ya kuamua kila mwaka nchi ipi bado inastahili. Miongoni mwa vigezo ni kuondoa vizuizi dhidi ya biashara ya Marekani. Hivyo kupanga ushuru wa forodha, shughuli ya kawaida kabisa ya dola, kukahesabiwa kuwa utovu wa shukrani. Fimbo ya kuondolewa AGOA, iliyoichapa Madagascar baada ya mapinduzi ya 2009, sasa ilinyanyuliwa kulinda marobota ya nguo kuukuu.

Kenya, ambayo viwanda vyake vya Athi River vinashonea soko la Marekani, ililegeza msimamo mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikaza uzi, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru wa AGOA. Ushupavu wake tusiutie chumvi: nguo ilizouza Marekani zilikuwa chache, hasara ikabebeka.

Mitumba peke yake haikuua viwanda, hilo likubaliwe. Mashine zilichakaa, milango ya biashara ikafunguliwa kwa pupa, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia zikamalizia kazi. Tena mama anayefungua belo alfajiri pale soko la Karume huko Ilala au la Gikomba huko Kamukunji hana kiwanda kinachomsubiri. Huenda Arusha walikosea. Ila kosa hilo lilikuwa la kusahihishwa na wapiga kura wa Ilala na Kamukunji, si na wauza nguo chakavu wa ng'ambo.

Na sisi wenyewe je? Uamuzi ulipitishwa kwa pamoja. Kila mmoja akaukimbia kivyake. Julai 2020 Kenya ilifungua mazungumzo ya biashara huria na Marekani, peke yake, ilhali Jumuiya ina ushuru wa pamoja wa forodha tangu 2005.